Kisicho Hapana

"Jibu la hapana nimelipa uwezekano wa robo," Sabiri alisema, akisugua hindi kwa gunzi. "Sasa, Munira, moja ukitoa robo?"

"Robo tatu."

"Basi ndiyo ina robo tatu."

Mwaija, mama yake Munira, aliendelea kupukuchua mahindi yake kana kwamba hakusikia. Ua wao wa Chanika ulikuwa umejaa magunzi. Tangu mshenga wa Sabiri alete posa ya Mwaija Ijumaa, nyumba hii haikuwa imetoa jibu, na ndugu zake wa Kabuku walitaka kujua leo kama waje na mahari au wabaki shambani.

"Na hiyo robo umeipata wapi?" Mwaija aliuliza.

"Kwenye chai. Nyumba yenye hapana kubwa hainipi chai."

"Wala haikupi mahindi upukuchue," alisema Munira. Alikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu Korogwe, akijiandaa kufundisha somo la uwezekano. Alimtazama mgeni wao: kanzu imepigwa pasi kama ya Idi, pumba mpaka kwenye kofia.

"Ila umekosea, Bwana Sabiri. Ukiondoa hapana, haibaki ndiyo peke yake. Kinabaki kila kisicho hapana. Humo mna ndiyo, mna 'ngoja nifikiri', mna na kimya."

"Kimya nacho ni changu."

"Chako kivipi?"

"Mwari akiulizwa akanyamaza, shekhe anaandika amekubali. Ndivyo tulivyokuta. Kwa hiyo robo tatu nzima inaingia kwangu."

Munira aliinama, akauma upindo wa mtandio. Mabega yake yalitikisika.

"Unaona, Mama Munira?" Sabiri alisema kwa sauti ndogo. "Mwalimu kanyamaza."

"Huyo anacheka."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa. Mwaija alifunga kiroba kikiwa nusu, akayafunika kwa turubai mahindi yaliyobaki.

"Haya tutamalizia kesho."

"Na jibu?" Sabiri bado alikuwa ameshika hindi lake. "Kabuku niwaambie nini?"

Mwaija alisimama, akakung'uta kanga.

"Hiyo habari ya kimya ni ya mwari, Sabiri. Mimi nimeshazika mume. Shekhe haandiki kitu mpaka nifungue mdomo. Kesho uje mapema. Huwa naongea sana asubuhi."