Kidude Kinachojulia Hali

Zama hizo dawa mpya ilipitishwa kwa majibu ya wale waliokubali kuijaribu majumbani mwao. Kila asubuhi kidude cha mezani kilimuuliza Bi Mgeni, "Hujambo, mama? Dawa ya presha inakukaaje?"

"Sijambo, alhamdulillahi," alijibu siku zote, ingawa tangu wiki ya pili vidole vyake vilikufa ganzi na usingizi ukamkimbia. Mtu akujulie hali, nawe umtapikie maradhi yako? Si adabu, tena ni kukosa shukrani kwa Mola.

Siku ya tisini kidude kikatangaza kwa furaha kwamba washiriki wote mia nne wa mji ule hawajambo. Dawa imepita, na kesho wataanza kupewa waja wazito wenye presha. Binti yake, Mwanaidi, alikuwa mmoja wao, mimba ya miezi saba.

Bi Mgeni akatoka mbio uani, akamwita jirani yake aliyekuwa akimeza dawa ile ile. "Bi Fumo! Vidole vyako vipi?"

"Shoga, hata sindano siwezi kuitia uzi! Lakini kidude nakiambia sijambo. Kinaniamkia vizuri vile, nikijibu ufidhuli?" Akacheka.

Bi Mgeni hakucheka. Alirudi ndani, akapiga bismillahi, akakikabili kidude. "Sikiliza. Vidole vyangu vimekufa ganzi, na vya wenzangu pia."

Kidude kikajibu, "Pole, mama. Jibu hili halilingani na majibu yako yote ya nyuma. Je, jana ulilala vizuri?"

"Vizuri, alhamdulillahi," ulimi ukamtangulia.

Kidude kikamshukuru, kikaandika "hajambo", kikazima taa yake.