Chuma cha Bibi Gulbakht

Bibi Gulbakht alikitoa chuma kwenye jiko la samadi kikiwa chekundu, akaniambia ning'ate ncha ya mtandio wangu.

"Ng'ata kweli, mwanangu. Jana mke wa mchunga mbuzi kapiga ukelele, mbuzi wote wakatawanyika."

Huku kwetu milimani Daikundi kidonda cha usubi kinamfika kila mtu, dawa yake ni kukichoma kwa chuma cha moto, na wengi bibi huyu ndiye aliyewachoma. Changu kilikuwa mkononi, baka bapa, jeupe kidogo. Nikampa mama mkwe, aliyekuwa amenisindikiza, mtoto wangu mchanga, nikafumba macho, nikang'ata.

Nikangoja.

Ikanijia harufu ya nyama. Nikautoa mtandio mdomoni. "Bibi, leo kuna mishikaki?"

Nikafumbua macho. Chuma kilikuwa juu ya baka, ngozi inatoa moshi, nami sisikii kitu.

Nilifurahi. Mungu anajua, nilifurahi. "Kumbe una mkono mwepesi hivi, bibi, na watu wanakusema."

Akachomoa pini kwenye shela yake, akanidunga katikati ya baka. Damu ikatoka. Sikusikia hata hiyo pini.

"Miaka arobaini nachoma watu," akasema taratibu, "wote wanalia. Aliyenyamaza ni mmoja tu. Vidole vyake viliisha kimoja kimoja."

"Ukoma," mama mkwe akanong'ona.

Mtoto akaanza kulia, alikuwa anataka kunyonya. Nikamnyooshea mikono.

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, amemfunika mtoto uso asinione.