Mgongo wa Mama

Siku hizi kila nyumba huotesha uyoga wa kifua kwenye mgongo wa mzazi mmoja. Zamani bibi zetu waliuchuma kwenye visiki, wakawachemshia wenye kikohozi. Watafiti wakaja kugundua kwamba ukiota juu ya mtu, unawaponya kabisa watoto na wajukuu wake.

Mama yangu, Tusajigwe, alijitolea mwenyewe mwanangu Lusajo alipoanza kutema damu. Tukamweka chumba cha nyuma, gizani, maana uyoga ukipigwa na jua hunyauka. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naunyunyizia maji mgongo wake, nachuma. Akijinyoosha namgombeza, asije akauvunja uyoga.

Lusajo alipona kabla ya masika.

"Sekela, basi nitoe nje nikaote jua," mama akasema.

"Bado kidogo, mama."

Jana nilichuma sufuria nzima, nikaukaanga kwa vitunguu, nikaunga na karanga. Harufu ikamfikia huko chumbani, akaniita kwa hofu.

"Mwanangu, nani anaumwa tena?"

"Hakuna anayeumwa, mama. Tuna wageni."