Pale Palipobaki Peusi

Kadiri fundi alivyosugua, ndivyo alama ile ilivyozidi kujitokeza.

Plastiki iliyotandikwa nyuma ya pikapu, pale pa kubebea mizigo, ilikuwa imepaushwa na jua mpaka ikawa na rangi ya majivu. Lakini upande mmoja palibaki sehemu nyeusi tititi, kana kwamba imetoka kiwandani jana. Ilikuwa nyembamba na ndefu kiasi, pembe zake zimeviringika. Fundi alikuwa amezirudishia weusi plastiki za magari kwa miaka mingi, hata wenzake wakamwita Masizi, na alijua maana ya alama kama ile. Kuna kitu kilikaa hapo muda mrefu kikiikinga na jua. Godoro.

Mwenye pikapu alikuwa mjane, ametoka kumzika mumewe. Alipoileta asubuhi hakujali bampa wala matao ya magurudumu, ingawa nayo yalikuwa yamefubaa. Alionyesha nyuma tu. Alieleza kwamba siku ya mazishi alipafunika kwa turubai, lakini sasa wanawe wanarudi likizo kutoka shule ya bweni, na hakutaka waione alama ile. Hakusema ni ya nini.

Alianzia mbele. Aliosha kwa sabuni na brashi, akakausha, kisha akapitisha mashine ya kupuliza hewa ya moto. Weusi ukapanda taratibu, plastiki ikang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Kazi hiyo haikuwahi kumchosha. Alikuwa amehamia nyuma, brashi mkononi, shemeji wa yule mama alipoingia karakana.

Alikuwa mdogo wake marehemu, ametoka mbali, macho mekundu. Aliomba nyuma pasiguswe. Ukoo ungekaa kikao kesho yake, naye alitaka wazee wajionee wenyewe.

Akaeleza kilichokuwa kikimla moyo. Mwaka uliopita alifika kwa kaka yake alfajiri bila taarifa. Nyuma ya pikapu, uani, akakuta godoro, mto na blanketi lililolowa umande. Alipouliza, kaka yake aliinamisha kichwa akasema hayo ni mambo ya nyumbani, asiyaingilie. Shemeji yake alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kama hayamhusu.

"Kaka yangu alikuwa akiinama kila mlango ili asijigonge," alisema. "Huyu mama akamkunja humo kama mtoto. Mtu analazwa nje kama mbwa, moyo utaacha kusimama? Na godoro kalichoma, siku ya pili tu baada ya kuzika."

Akalia bila kujificha. Fundi alimpa kiti na maji.

Alipoondoka, fundi alizima mashine. Alijaribu kurudi kazini, mkono ukakataa. Kila alipoitazama ile sehemu nyeusi alimwona mtu mzima amejikunyata chini ya umande, mkewe amejifungia ndani anaota moto. Mteja ni mteja, na fundi mwenye kuchunguza mambo ya wateja huwakosa. Lakini kuifanya sehemu ile iwe rangi moja na nyingine kulikuwa sawa na kumziba marehemu mdomo.

Mama alirudi jua likianza kupoa. Aliona mbele palivyong'aa, akaja nyuma akachungulia. Uso ukamshuka.

"Mama, huku nyuma sipafanyi," fundi alisema. Alikuwa amelipanga neno hilo tangu mchana. "Shemeji yako amenieleza. Sitaki kushiriki kuficha alivyolazwa marehemu."

Mama hakukana wala hakukasirika. Aliuliza tu kama shemeji yake alikuwa amekwisha kuwaambia wengine. Fundi akajibu kwamba kikao ni kesho.

Mama akaweka mkoba chini na kuvua viatu. Fundi alimsogezea kibao cha kupandia, lakini hakukihitaji. Mguu mmoja kwenye gurudumu, mkono kwenye ukingo, akawa juu, kwa wepesi wa mtu anayeijua njia hata akifumba macho. Akajilaza ubavu juu ya weusi ule. Akakunja magoti, akaweka kiganja chini ya shavu, akatulia. Hakupungua upande wowote, wala hakuzidi.

Fundi aligeuza uso, asijue pa kuyaweka macho yake.

"Wanangu wanampenda sana baba yao," mama alisema kutoka mle ndani, taratibu, kama mtu aliyekaribia kusinzia. "Nataka waendelee kumpenda. Marehemu hakulala hapa hata siku moja, fundi. Alilala ndani. Ufunguo wa mlango alikuwa nao yeye."