Kanisa la Pasta Éliakim Lakua

"Pasta, hapana maliza sasa," mzee Kasonia alinong'ona kutoka benchi la mbele. "Ongeza bado kidogo."

Pasta Éliakim alifunga Biblia, akaifungua tena. Alikuwa amehubiri tangu asubuhi, sauti imemkauka, na wanaume wa Butembo walikuwa bado wamemtolea macho. Mhubiri gani mwingine aliwahi kubembelezwa asikome?

Kabla vita havijafika mjini alikuwa akihubiria wajane na vikongwe, na nusu yao walisinzia. Sasa wanaume walijaa hadi madirishani: wauza vitenge, makanika, hata Wakatoliki wenye rozari mfukoni. Walifika alfajiri, kabla ya kengele, wakagombea kukaa karibu na mimbari, mbali na mlango. Kiu ya Neno hiyo, alisema Pasta.

Komanda Octave, mkuu wa kikosi cha askari kilichokaa mjini, mtu wa mkoa wa mbali, kila Jumapili aliegesha lori lake mbele ya kanisa. Mama yake alikuwa shemasi, na kuingilia ibada aliona ni laana. Alikaa ndani ya lori akisubiri; akichoka, aliondoka.

"Anaogopa mahubiri yangu," Pasta alimwambia mkewe, Katungu.

Katungu alikuwa akimenya viazi. "Hapana, anangojaka tu."

Siku hizo neno kukua halikumtoka Pasta mdomoni. Mtoto hukua, viazi hukua, imani hukua, na juu ya vyote kanisa hukua. Alimtumia habari mkubwa wa kanisa kule Lubero aje ajionee. Kanisa likikua namna hiyo, mchungaji wake haachwi chini: angewekwa mwangalizi wa makanisa yote ya mji, na pikipiki juu.

"Hata jipu inakuaka," alisema Katungu.

Pasta alimsamehe. Kila ibada aliifunga kwa ombi lile lile, mikono juu, machozi ya kweli yakimtoka: Bwana awaondoe basoda, askari hawa wanaokamata wanaume wa watu na kuwabebesha masanduku ya risasi hadi Beni. Wanaume waliitikia amina hata vioo vikatetemeka.

Bwana akasikia. Alhamisi moja kikosi kilipakia magodoro, mbuzi na redio za watu, kikashika njia ya Beni, hakikurudi. Mji ulicheza. Pasta alimwambia kila aliyekutana naye kwamba ni maombi yake hayo.

Jumapili mkubwa wa kanisa alifika kutoka Lubero, matope hadi magotini. Pasta alikuwa ameazima mabenchi ya shule. Kengele ilipigwa, ikapigwa tena. Wakaingia wajane. Wakaingia vikongwe. Mmoja akaanza kusinzia.

"Bababa beko wapi?" Pasta alimnong'oneza mkewe, akiwatafuta wanaume kwa macho.

"Beko kwabo, banalala. Basoda balishaenda, sasa banakimbia nani?"

Mkubwa wa kanisa alitazama mabenchi matupu, akatazama saa yake, kisha akamwomba mwenyeji wake afungue ibada kwa sala.

Pasta Éliakim alipiga magoti. Akainua mikono, na machozi ya kweli yakamtoka.

"Ee Bwana," alisema, "uturudishie basoda."