Mapigo Mia Nne

Bwana Orodha alikuwa akihesabu watu tena. Arobaini na wawili, wote wapo. Vijana wa okestra walimbandika jina hilo kwa sababu karatasi yake ya majina haikumtoka mkononi hata chooni. Serikali ilimtuma ughaibuni pamoja nao ahakikishe kuwa waliotoka nyumbani ndio watakaorudi. Mwaka jana mpiga filimbi alidakwa akitoka dirishani, na hadi leo hakuna anayethubutu kumtaja.

Binti wa upatu, ile sahani kubwa ya shaba inayogongwa kwa kirungu, alimwogopa mno Bwana Orodha. Nje, ndani ya gari jeupe, mama yake alikuwa akimsubiri. Hawakuwa wameonana kwa miaka minane, tangu mama alipohamia ughaibuni.

Njia ya kutoroka ilikuwa moja tu. Katika kipande cha mwisho, muziki wa Amerika Kusini wenye ngoma za kishindo, alipaswa kuupiga upatu mara mbili: mwanzo na mwisho. Katikati angekaa bila kupiga kwa mapigo mia nne ya muziki, na huo ndio ulikuwa muda wake wa kukimbia. Upatu usipolia mwishoni, ukumbi mzima ungejua, na wangemfuata kabla hajafika mbali.

Na mzee Orodha alishanusa jambo. Wiki nzima ya mazoezi alikaa nyuma yake, akigongagonga goti kufuata mapigo. Leo alikuja na suti nyeusi, kama wapigaji.

"Binti," alimnong'oneza kabla pazia halijafunguliwa, "ukishapiga la kwanza, unahesabu ngapi?"

"Mia nne, mzee."

"Usije ukakosea."

Binti alikamata kirungu chake. Mungu wangu, amejua!

Pazia likafunguliwa, binti akapiga upatu. Ngoma zikapamba moto. Alipogeuka, kiti cha Bwana Orodha kilikuwa kitupu. Potelea mbali! Aliweka kirungu chini, akanyata nyuma ya pazia. Alipanga kupita dirishani, lakini mlango wa nyuma, ambao Bwana Orodha aliutia kufuli asubuhi, ulikuwa wazi. Alisita, kisha akatoka mbio huku akihesabu.

"Mwanangu!" Mama alimkumbatia akilia, akaondoa gari kwa kasi. Redioni tamasha lilikuwa likirushwa moja kwa moja.

"Mia tatu tisini na nane," binti alinong'ona, akijikunyata kitini. "Tisini na tisa. Sasa watajua, mama."

Upatu ukalia redioni. Palepale, bila kukosea hata kidogo.

Ukumbini makofi yalilipuka. Nyuma ya wapigaji, Bwana Orodha aliweka kirungu chini, akakunjua karatasi yake, na mbele ya jina la binti akaandika: yupo.