Glasi Tatu za Dunrowan

Senga McPhail hakulambalamba kama waonjaji. Aliinua glasi ya kwanza, akaishusha yote kooni, akaitua mezani kwa kishindo.

"Nusu saa," alisema.

"Nusu saa ya nini?" aliuliza Bwana Carswell, meneja wa kiwanda cha soda cha Dunrowan.

"Ya kungoja. Ulikubali masharti yangu. Au hata ahadi zenu mmezitoa sukari?"

Ukumbi wa klabu ya mchezo wa matufe ukaangua kicheko. Nusu ya mji wa Clydebank ilikuwa imejazana humo.

Glasi zilikuwa tatu, zote za soda ileile nyekundu waliyolelewa nayo. Mbili zilikuwa za kisasa: serikali ilipoitoza sukari kodi, kiwanda kiliitoa sukari kikatia utamu wa maabara, na habari hiyo kikaiandika kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Moja ilikuwa ya zamani, kutoka chupa ya mwisho ambayo Shug wa baa aliificha chini ya ngazi. Carswell mwenyewe alimimina nyuma ya pazia, akaandika jibu kwenye karatasi, akaifunga kwenye bahasha.

Senga akiitambua ya zamani, kila kopo litaandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: SUKARI IMEONDOLEWA. Akikosea, atashusha bango la malalamiko alilolitundika langoni pa kiwanda na kufunga mdomo.

"Dada, si ungedai sukari yenyewe irudi?" Rena, jirani yake, alimnong'oneza. "Herufi tutazinywa?"

"Herufi kwanza."

Hakuna atakayeona tofauti. Ndivyo tangazo lao lilivyojigamba, na Senga aliyajua maneno hayo tangu utotoni. Wakubwa walipofunga karakana ya meli na kumrudisha baba yake nyumbani na boksi la spana, walisema mji hautaona tofauti. Walipofunga maktaba, wimbo uleule. Wanakubadilishia kitu gizani, wanakuuzia mchana kwa jina lilelile, na ukipiga kelele wanakuita mlafi.

Rena alitema chai yake kikombeni. "Shug! Maziwa yamechacha, unataka kutuua?"

Kikombe cha Senga, cha chai ileile, kilikuwa kitupu kitambo.

Nusu saa ikaisha. Akaimaliza glasi ya pili kama ya kwanza.

"Nusu saa," alisema.

"Mama, nina watoto wa kulea," Shug alilalama. "Watakuwa wameshaoa nikirudi!" Kicheko tena.

Ilikuwa Julai, na joto lilikuwa limewavua hata wazee makoti. Senga peke yake alikuwa na sweta ya mikono mirefu. Alichungulia simu yake. Akaichungulia tena.

"Bwana gani huyo anayekuandikia?" Rena alimtania.

"Angekuwa bwana ningetabasamu."

Nusu saa ya pili ilipoisha, Carswell alitazama saa, akatabasamu yeye. "Bibi McPhail, hakuna aibu kukubali. Wataalamu wetu ishirini walionja. Hakuna hata mmoja aliyeona tofauti."

Senga aliitazama simu mara ya mwisho, akaisukuma glasi ya tatu mpaka ukingoni mwa meza bila kuigusa kwa mdomo.

"Hiyo kamwage chooni. Ya zamani ni ya pili."

Carswell alichana bahasha. Aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma kana kwamba upande wa pili ungemwokoa, kisha akampa Shug.

"Ya pili!" Shug alipaza sauti, na ukumbi ukalipuka. Watu walipiga meza, Rena akalia.

"Nimeshindwa, herufi utazipata," Carswell alisema zilipotulia kelele. "Lakini ulimi wa namna hiyo! Tungekuajiri kiwandani."

"Ulimi?" Senga alisema. "Ulimi wangu mionzi ya kutibu saratani iliuua miaka sita iliyopita. Hata pilipili siijui."

Akapandisha mkono wa sweta. Kwenye nyama ya mkono wake kilikuwa kimegandamana kidude cheupe cha duara, kama kifungo cha koti. Akamsogezea Carswell simu hadi puani: kipimo cha sukari ya damu kilichotumwa na kidude hicho, na mshale unaopanda.

"Hiki ndicho kilichoonja. Siku waliyonikuta sakafuni jikoni, sukari ilikuwa imenishuka kwa kisukari, nami nilikuwa nimekunywa makopo yenu mawili, nikingoja mshale huu upande."